Namba Sita ya Bi Solange

Jumatano tarehe 31 Oktoba 2018, Bi Solange Parès atakunja meza yake kwa mara ya mwisho na kustaafu, baada ya kuitumikia bandari yetu ya Port-Sennen, kusini mwa Ufaransa, kwa miaka thelathini na mitano na miezi mitano. Ishirini na tisa kati ya miaka hiyo ameifanya kazi moja, ambayo siku ya kwanza sote tulidhani ingekwisha mchana uleule: kumsaidia mtu aliyeshuka melini achague pa kwenda kabla meli yake haijaondoka.

Mhariri wa jarida hili ameniomba kurasa chache, kwa kuwa kwa miaka ishirini na moja nilikaa chumba cha pili kutoka mezani kwa Bi Solange, nikiandika daftari la meli zinazoingia na kutoka. Ameniomba pia nisiandike habari za upepo, kwa sababu kila mstaafu wa bandari hii anapoandikiwa kitu, nusu yake huwa upepo. Nitajitahidi.

Bi Solange alizaliwa mwaka 1955 katika mtaa ulio nyuma ya kiwanda cha dagaa. Mama yake alikuwa akikata vichwa vya dagaa na kuwapanga kwenye chumvi. Baba yake, Abdon Parès, alikuwa kuli wa gatini. Mei 1983 Bi Solange aliajiriwa katika ghala la matunda, kuhesabu makreti ya machungwa na nyanya, na kuna kila sababu ya kuamini kwamba angestaafu akiwa hapohapo kama asubuhi moja ya masika ya mwaka 1989 meli ya abiria isingeingia kwetu kwa kulazimika. Bandari iliyokuwa ikiisubiri ilikuwa imefungwa. Sababu ya kufungwa kwake nimekatazwa kuitaja.

Watu mia mbili na kumi walishuka, wakasimama kati ya makreti, wakauliza kuna nini cha kuona. Mkuu wa bandari wa wakati huo aliingia ghalani akiwa amevua kofia.

“Nani hapa anajua Kiingereza?”

Watu wote wakamtazama Solange, ambaye aliwahi kukaa mwaka mmoja Cork, Ireland, akilea watoto wa daktari.

“Mimi najua Kiingereza cha kumwogeshea mtoto,” akasema.

“Kinatosha, binti. Hawa nao wameloa.”

Meza waliyompa ilitoka kiwandani kwa mama yake, na jua likiipiga inanukia dagaa mpaka leo. Wageni humwuliza ni nani anayepika. Yeye hujibu kwamba ni meza. Mwaka 2003 tulimnunulia meza mpya, ya plastiki nyeupe. Aliishukuru ofisi kwa barua nzuri, akaifanya ya kuwekea vyungu vya maua.

Orodha ya kwanza ya matembezi ilikuwa na mistari mitano, na haijabadilika sana tangu hapo. Namba moja ni Carcassonne kwa basi, kutwa nzima. Namba mbili, Collioure. Namba tatu, maduka makubwa ya njia ya Perpignan. Namba nne, mizabibu ya Banyuls na kuonja divai. Namba tano, nyumba ya zamani ya watawa juu mlimani. Bandari nyingine huandika orodha kama hii kwa kunakili vitabu vya watalii. Bi Solange hakunakili. Kila Januari, meli zikiwa hazipo, alikwenda matembezi yote matano mwenyewe, akiwa na saa mkononi na kokoto ndani ya kiatu cha kulia.

Kokoto hiyo imezungumzwa sana gatini. Lucien Oms, dereva wa basi letu tangu mwanzo, aliiona siku alipomkuta Bi Solange akichechemea kwenye ngazi za watawa.

“Umeumia, dada?”

“Hapana. Nina miaka sabini na minane na goti baya.”

“Tangu lini?”

“Tangu saa tatu asubuhi. Usinisimamishe, Lucien, nihesabie dakika.”

Ndivyo alivyojua kwamba ngazi zile, zinazosemwa kuwa za dakika nne, ni za dakika kumi na moja, na kwamba katikati hakuna pa kushika. Siku iliyofuata aliwaandikia wenye jengo, na kabla ya Pasaka kulikuwa na mkono wa chuma ukutani. Upo mpaka sasa. Wanaoushika hawajui umetokana na kokoto.

Alipokuwa mezani, alitazama kwanza viatu vya mtu, kisha akamwuliza maswali mawili. La kwanza: jana ulikwenda wapi? La pili: uliketi wapi? Wageni wengi walilishangaa swali la pili, na hata sisi lilitushangaza kwa miaka. Chanzo chake ni kosa, na kwa kuwa mwenyewe hulisimulia kila Krismasi, sioni ubaya wa kuliandika.

Juni 1991 alipanga matembezi mapya kwenye kijiji kimoja cha bondeni, na akaandika kwamba basi lifike huko saa sita mchana. Ni kosa ambalo mgeni asingelifanya. Mtu wa kwetu amezoea tangu utoto kwamba saa sita kila kiumbe kimekaa mbele ya sahani yake. Haimjii akilini kwamba yuko mtu duniani ambaye saa hiyo yuko njiani na hana meza inayomsubiri. Watu thelathini na mmoja walishushwa mbele ya kanisa lililofungwa, duka lililofungwa na kisima kikavu. Lucien naye akaenda kula, kama desturi inavyotaka, akaondoka na funguo za basi.

Nyuma ya kanisa kulikuwa na moshi. Familia moja ilikuwa ikisherehekea komunyo ya kwanza ya binti yao, na konokono walikuwa juu ya makaa ya mizabibu. Babu wa yule binti alichungulia, akawaona wageni wamesimama juani na kofia zao.

“Hawa ni wa upande wa nani?” akauliza.

“Si wa upande wetu,” akajibu mkwewe.

“Basi ni wa upande wetu. Sogezeni mabenchi.”

Walirudi melini saa kumi na moja, wananuka kitunguu saumu, kila mmoja ana pakiti ya lozi za sukari yenye jina la mtoto wasiyemjua. Bi Solange alikuwa amekwisha kuandika barua ya kuacha kazi. Usiku ule alizisoma kadi za maoni. Kwenye nafasi ya “Ni nini kilichokupendeza zaidi?” mtu wa kumi na saba, fundi saa kutoka Rotterdam, alikuwa ameandika neno moja: benchi. Barua ya kuacha kazi hatukuiona tena, na kuanzia mwezi uliofuata swali likawa ni uliketi wapi. Alituambia kwamba mtu husahau mnara, husahau na tarehe ya mnara, lakini mahali alipoketi hapasahau, na wala hajui kwa nini.

Sasa namba sita.

Katika orodha ya mwaka 1994 uliongezeka mstari wa mwisho, na hivi ndivyo ulivyosomeka: “6. Gati. Saa moja na nusu, kwa miguu. Hakuna cha kuona.” Tuliucheka. Kampuni za meli zina kanuni kwamba matembezi yasiyopata watu wanane hayaondoki, na namba sita haikupata wanane hata siku moja. Ilipata mmoja, au wawili, na mara nyingi hakuna. Kila alipotangaza kwamba imefutwa, Bi Solange aliweka kalamu chini, akasema kwamba saa yake ya chakula imefika na kwamba yeye anaelekea kwenye bomba la maji la zamani. Atakayependa kutembea upande huo, njia ni ya umma. Lucien aliiita namba ya mizimu.

“Leo wangapi, dada?”

“Mmoja.”

“Ana kivuli?”

“Anacho. Na ana adabu kukuzidi.”

Wengi wenu mliokuja kazini baada ya mwaka 2000 mmewahi kuniuliza ilitoka wapi. Bi Solange amenipa ruhusa ya kueleza, kwa sharti kwamba nisipambe.

Mei 1994 alishuka abiria mmoja, Bi Yvonne Scotto, miaka hamsini na minne, viatu vya kamba, vikavu. Aliisoma orodha mpaka chini, akairudisha. Bi Solange akamwuliza jana alikwenda wapi. Barcelona. Aliketi wapi? Hakuketi. Na leo angependa kuketi wapi?

“Juu ya sanduku langu,” akasema yule mama.

Juni 1962 alikuwa ameshuka kwenye gati letu kutoka Aljeria, pamoja na mama yake na cherehani, kati ya maelfu ya Wafaransa walioikimbia nchi hiyo ilipokaribia uhuru. Waliketi juu ya sanduku saa moja na nusu wakisubiri treni. Tangu hapo alikuwa ameishi miji minne na hakuwahi kurudi. Alitaka kupaona pale mahali, lakini gati lilikuwa limejengwa upya na hakujua pa kuanzia.

Bi Solange alifunga meza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamleta baba yake. Mzee Abdon alikuwa amekwisha kustaafu. Alimwuliza yule mama jina la meli, akafikiri kidogo, akatembea mpaka kwenye nguzo ya tatu ya kufungia kamba, upande wa ghala.

“Meli hiyo ilifungwa hapa,” akasema. “Daraja la kushukia melini lilishushwa pale. Nyinyi mtakuwa mmekaa hapa, kwa sababu pale kulikuwa na matofali.”

“Unanikumbuka, mzee?”

“Nikukumbuke vipi, mwanangu? Mlikuwa wengi kama dagaa.”

Akamgeuzia kreti la samaki, yule mama akaketi. Mzee mwenyewe akabaki amesimama. Baada ya muda, akasema kitu ambacho binti yake hakuwahi kukisikia. Alisema kwamba majira yale makuli wa gati walikuwa wamekubaliana wasiwabebee mizigo watu wale. Hakuna aliyewalazimisha, walikuwa wamekasirika, na wala hakumbuki vizuri walikasirikia nini. Watu walipita na mabunda yao, na yeye Abdon, mwenye mgongo wa kubebea kilo mia, alisimama karibu na nguzo ya tatu, mikono mfukoni.

“Siku nyingi?” akauliza Bi Yvonne.

“Juni nzima.”

Yule mama hakusema kwamba si kitu. Alisema, “Cherehani ilikuwa nzito.” Kisha akamsogezea nafasi kwenye kreti.

Kesho yake asubuhi mzee Abdon alikuja ofisini akiwa amenyoa ndevu, akamwambia binti yake aliandike gati kwenye orodha. Aliwaongoza watu wa namba sita mpaka alipofariki mwaka 2007, na baada ya hapo aliwaongoza Bi Solange. Nguzo ya tatu, mahali pa daraja, mlango wa ghala walipongojea, bomba la maji. Anayetaka kusema, husema. Asiyetaka, huketi.

Bi Clémence Rouquette alitujia kutoka Bordeaux mwaka 2016 kuwa mkuu wa huduma za abiria, na tangu amekuja simu zinajibiwa na maji ya kunawa yanatoka. Ni mtu wa hesabu, na hilo naliandika kwa heshima. Machi mwaka huu alimwita Bi Solange, akamwonyesha karatasi.

“Mama Parès, namba sita kwa misimu mitatu imechaguliwa na watu kumi na mmoja.”

“Kumi na wawili. Mmoja hakuandika jina.”

“Kampuni wanataka mistari mitano tu. Ndiyo inayoenea kwenye kioo cha simu. Na samahani, mama, lakini ni nani anayeandika kwenye tangazo kwamba hakuna cha kuona?”

“Ni kweli, hakuna.”

“Tukiifuta, atakayeitaka si atauliza tu?”

“Hawa hawaulizi,” akasema Bi Solange. “Wanaisoma orodha mpaka chini, halafu wanasimama.”

Bi Clémence aliuliza tena kwa nini namba hiyo ilikuwa muhimu hivyo, na Bi Solange hakumweleza. Nilimlaumu kwa hilo baadaye. Alinijibu kwamba hakutaka ibakizwe kwa kuonewa huruma, kwa sababu kitu kilichobakizwa kwa huruma hufutwa na mkuu anayefuata. Walikubaliana hivi: namba sita ingekaa mpaka meli ya mwisho ya msimu. Siku hiyo ikipata watu wanane, ingebaki kwenye orodha ya mwaka ujao hata baada ya yeye kustaafu. Ikipungua wanane, ingefutwa, naye asingeandika barua kwa mtu yeyote.

Meli ya mwisho ilikuwa Azalaïs, yenye abiria mia na arobaini, Jumatano tarehe 17 Oktoba. Nilikuwepo, maana mstaafu wa bandari hana pengine pa kwenda Jumatano asubuhi. Kulikuwa shwari, mhariri atafurahi kujua. Bi Clémence alisimama kando ya meza na kalamu yake, si kwa kumchunga mtu, ila kwa kuwa yeye akiahidi kuhesabu huhesabu.

Kufika saa tatu Carcassonne ilikuwa na watu sitini na wawili, na namba sita haikuwa na mtu. Saa tatu na robo akaja mama mmoja mwenye koti la njano, Bi Arlette Tormo, akaisoma orodha mpaka chini, akasimama. Bi Solange akamwuliza yale maswali mawili, akamwandika. Wakafuata dada wawili, mapacha wa miaka themanini. Kisha mtu na mkewe kutoka Denmark, ambao hawakuwa na habari yoyote ya mwaka 1962, wakaeleza kwamba katika safari nzima hili ndilo tangazo la kwanza lisilowaahidi kitu, na wangependa kuona linafananaje. Watano. Akaja mzee mwenye fimbo, kimya, akaweka kidole kwenye mstari wa sita. Jina? Akalionyesha kwenye kadi yake ya meli: Roland Vergnaud. Wa saba alikuwa mjukuu wake, mwanamke mtu mzima aliyekuwa akimshika mkono.

Saa nne kasorobo, saba. Lucien alikuwa amewasha injini. Alishuka, akaja mezani, akavua kofia.

“Niandikeni na mimi.”

“Wewe si abiria, Lucien,” akasema Bi Solange.

“Nimekaa kwenye basi miaka ishirini na tisa. Abiria ni nani basi?”

“Wewe ni dereva, na una watu sitini na wawili wanakusubiri. Nenda.”

Alikwenda. Saa nne kamili Bi Clémence aliitazama saa yake, akamtazama Bi Solange, na nadhani alitamani mtu mwingine awe amekubaliana naye.

“Saba,” akasema.

“Saba ni saba,” akajibu Bi Solange. Akachukua rula, akauchora mstari juu ya namba sita yeye mwenyewe, ukiwa umenyooka. Kisha akaweka kalamu chini na kuwaambia wale saba maneno yaleyale ya siku zote: matembezi yamefutwa, saa yake ya chakula imefika, hata kama ni saa nne, anaelekea kwenye bomba la zamani, na njia ni ya umma.

Wakainuka wote saba. Bi Clémence alibaki amesimama, kisha akafungua mkoba, akabadili viatu.

“Nimefuta kitu ambacho sijawahi kukiona,” akasema. “Si hesabu nzuri.”

Kwenye nguzo ya tatu Bi Solange alieleza, kwa sentensi tano au sita, habari ya baba yake na mikono yake mfukoni. Huwa hapunguzi na hazidishi. Bi Arlette alisema alikuwa na miaka tisa siku aliyoshuka, na kwamba kiu haikumbuki, wala joto, wala watu. Anakumbuka kamba. Ilikuwa imefungwa kutoka ghalani mpaka nguzo, na bomba lilikuwa upande wa pili.

“Kamba ya buluu,” akasema.

“Kijani,” akasema Bwana Vergnaud.

Ilikuwa ni mara ya kwanza kumsikia sauti. Mjukuu wake akamgeukia.

“Wewe unajuaje, babu? Wewe si wa Bourges, hukutoka Aljeria?”

“Nilikuwa askari wa zamu. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na moja. Nilipewa amri watu wote wakae nyuma ya kamba.” Alinyoosha fimbo. “Bomba lilikuwa pale mbele. Hakuna aliyeniamuru niwazuie maji. Na hakuna aliyeniambia niwaruhusu. Nikasimama tu, kutwa. Na kamba ilikuwa ya kijani.”

Bi Clémence alikuwa ameshika kalamu na hakuwa na pa kuandikia.

“Bwana,” akasema Bi Arlette, “mimi niliikodolea macho saa tatu nzima. Ilikuwa buluu.”

“Mama, mimi niliifunga.”

“Basi uliifunga bila kuitazama.”

“Iliniachia rangi mikononi.”

“Ya buluu.”

Mmoja wa wale mapacha akasema yeye anadhani ilikuwa nyeupe, wote wawili wakamwambia anyamaze. Bi Solange alileta makreti mawili. Wakaketi, Bi Arlette na Bwana Vergnaud, kwenye kreti moja kwa kuwa jingine walikuwa wamelichukua mapacha, na wakaendelea kubishana kuhusu kamba kwa saa nzima, kwa sauti, kama watu waliooana zamani. Wale wa Denmark walikunywa maji ya bombani. Baadaye kidogo Bi Arlette alisimama, akakinga maji kwa kifuniko cha chupa yake ya chai, akanywa, akajaza tena, akampa Bwana Vergnaud bila kumtazama. Alikunywa. Halafu akasema, “Kijani,” na ubishi ukaanza upya.

Mwandishi wa kurasa hizi anaikumbuka kamba ile, lakini hakuulizwa.

Saa sita kasoro dakika tano walirudi mezani. Bi Solange aliwagawia kadi za maoni, ingawa matembezi yaliyofutwa hayana kadi. Bi Clémence naye akachukua moja. Alikaa nayo muda mrefu kwenye lile swali la uliketi wapi, kalamu hewani.

“Mama Parès, mimi sikuketi.”

“Nilikuona.”

“Nilisimama karibu na nguzo ya tatu.”

“Baba alisimama hapohapo,” akasema Bi Solange. “Andika hivyo.”

Orodha ya mwaka ujao ilibandikwa ofisini Ijumaa. Kampuni walitaka mistari mitano, nayo ina mistari mitano: namba moja, namba mbili, namba nne, namba tano na namba sita. Maduka makubwa yameondoka. Bi Clémence ameeleza kwa maandishi kwamba hakubadili uamuzi kwa ajili ya mtu. Makubaliano yalikuwa watu wanane kwenye matembezi, na kwa hesabu yake walioyafanya walikuwa wanane. Bi Solange alipinga, akisema mfanyakazi si abiria. Bi Clémence akamjibu kwamba alikwenda katika saa yake ya chakula, na njia ni ya umma. Lucien anauliza namba tatu imekwenda wapi, maana basi lake linaijua njia. Tunamwambia imekuwa mzimu.

Mengine ambayo ningepaswa kuyataja, medali ya kazi ya mwaka 2008, makarani wanne aliowafundisha, na ule mkono wa chuma mlimani, yamo kwenye faili lake na ni ya kweli yote. Sherehe itakuwa kwenye ghala la matunda Jumatano saa kumi na mbili jioni. Kutakuwa na dagaa wa chumvi na divai tamu ya Banyuls. Kila mtu aje na kiti chake, ndivyo alivyotaka.

Nimebakiwa na jambo moja la kushuhudia. Jumatatu asubuhi, gati likiwa tupu, nilimwona Bi Clémence akitembea peke yake kutoka mezani kwenda nguzo ya tatu, na kutoka nguzo ya tatu kwenda bombani, saa mkononi. Alikuwa akichechemea mguu wa kulia. Nilimwuliza kama ameumia. Alisema hapana, akaniomba nisimsemeshe kwa sababu anahesabu.

Bi Solange, ahsante kwa viti vyote ulivyotutafutia. Uvae sasa viatu visivyo na kokoto, upate pa kuketi penye jua, na upepo ukupitie mbali. Neno hilo moja mhariri ataniachia.